Jicho Moja Katika Soko la Toi

Niliporudi kutoka ughaibuni na diploma na jicho moja, majirani wa mtaa wetu wa Lindi walisema sitaweza hata kuruka mtaro, sembuse biashara. Mimi nikagundua kwamba nikitikisa kichwa, vitu vya karibu hukimbia na vya mbali hujikokota, na hivyo ubongo wangu unajua umbali.

Nikakopa mtaji kwa watu kadhaa, nikaenda Toi kununua mashati ya kuuza Kawangware. Nikatikisa kichwa nione shati liko wapi.

"Mia mbili," alisema mama muuzaji. Nikatikisa tena. "Haya, mia hamsini. Kwani unataka bure, bosi?"

Nilitajirika hivyo. Siku ya kulipa madeni, nilitikisa kichwa nikitafuta kiganja cha mkopeshaji wa kwanza nimwekee pesa.

"Basi lete nusu!" akalia.

Nikamlipa deni lote, na wenzake wote siku hiyo hiyo.