Profesa Kifungu na Notisi ya Mgomo

Shemeji yangu, mume wa dada, alifundisha sheria ya kazi chuo kikuu mpaka wanafunzi wakambandika jina la Kifungu, maana hakuwa na sentensi isiyotaja kifungu cha sheria. Nyumbani alikuwa vilevile. Dada alipotaka kumfukuza mpishi kwa kuunguza shati kwa pasi, Kifungu aliitisha kikao sebuleni, akamsikiliza mpishi, akamsikiliza dada, kisha akampa onyo dada. Wiki hiyo alilala kwenye kochi, nami nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Alipanda taratibu: mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, hatimaye Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, na ofisi yenye zulia na karani wa kufukuza wageni. Halafu bosi wake, Makamu Mkuu, akakaribia kustaafu. Kifungu alikitaka kile kiti kufa na kupona. Asikudanganye mtu kwamba wasomi hawana tamaa. Jamaa alishaanza kuvaa tai hata Jumamosi.

Mara wahadhiri wakatangaza kwamba watagoma. Baraza la Chuo likamwambia waziwazi: zima huu moto, kiti ni chako.

Notisi ya mgomo ilipofika mezani kwake, aliona mara moja kuwa ni mbovu. Wanachama wa chama cha wahadhiri hawakupiga kura, madai yenyewe hayakutajwa. Wangegoma hivyo, mgomo ungekuwa haramu na chuo kingewafukuza wote. Kazi yake ilikuwa kunyamaza tu.

Sasa mtu amesahihisha mitihani maisha yake yote, umpe karatasi yenye makosa anyamaze? Alishika kalamu nyekundu. Pembeni akaandika, "Kura iko wapi?" Chini, "Taja madai!" Juu kabisa akawapa alama thelathini na nane kwa mia, na neno moja: "Rudieni." Kisha akairudisha kwa wenyewe.

Wakarudia, safari hii kazi safi. Wakagoma kihalali, na chuo kikasalimu amri.

Mwenyekiti wa Baraza alimwita, mishipa ya shingo imemtoka.

"Profesa, wewe uko upande gani?"

"Mheshimiwa, walikuwa wamefeli," akajibu.

Alivuliwa unaibu siku hiyohiyo. Chuo kizima kilimcheka.

Nilikwenda kumtania, maana shemeji asipokutania nani akutanie? Nilimkuta barazani na dada, anang'arisha viatu vya kurudi navyo darasani.

"Watu wanasema ulipitiwa, Kifungu. Mazoea ya chaki."

"Kusahihisha, kweli nilipitiwa," akasema bila kuinua macho. "Kurudisha, hapana. Ile karatasi ilikaa kwenye droo yangu siku mbili. Nusu ya wale watu nimewafundisha mimi." Akakigeuza kiatu. "Kile kiti nilikitaka, shemeji. Hata sasa nakitaka."

Nilikuwa nimekuja na utani wa jioni nzima, ukaniishia hapohapo. Dada alichukua kiatu cha pili, akaanza kukisugua.