Jogoo Aliyeuzwa Mara Sita

Kanisani kwetu, hapa kambi ya wakimbizi ya Rubondo, asiye na pesa hakosi cha kutoa. Analeta muhogo, mayai, kuku, hata kuni, na baada ya ibada shemasi anavinadi palepale mbele. Ni desturi tuliyotoka nayo Kivu ya Kusini. Na mnunuzi mwenye moyo anaweza kusema, "Namurudisha kwa Mungu." Hapo pesa yake inabaki, na kitu kinanadiwa upya.

Jumapili ile tulikuwa tunamchangia jirani yangu, mjane aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya wamama. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, amefika hatua ya kutia mkono motoni akitafuta sufuria. Hospitali ya Ruharo, kule Mbarara, walikuwa wamempa siku ya kupasuliwa: Alhamisi. Nauli na chakula cha kukaa huko tujitafutie. Akikosa siku hiyo, nani anajua ataitwa tena lini?

Mimi nilitoa jogoo. Watu wakanisifu, nikapokea sifa zote bila kurudisha hata moja. Lakini niseme ukweli, uzee huu hauogopi mtu: jogoo yule alikuwa shetani mwenye manyoya. Alikuwa amewadonoa majirani wote, na mchungaji wetu pia, siku alipokuja kuniombea mgongo. Nilimtoa kwa furaha nyingi.

Nilichosahau ni kwamba kanisa zima lilimjua.

Fundi cherehani alinunua wa kwanza, kwa haya tu, maana mke wake alikuwa anamkodolea macho. Shemasi alipomnyooshea jogoo, akaficha mikono mgongoni. "Namurudisha kwa Mungu." Tukapiga makofi. Muuza samaki akanunua, akaliona lile jicho jekundu, akamrudisha kwa Mungu. Mwalimu naye vilevile. Mwenyekiti wa wamama, ambaye tangu nimjue alikuwa hajampa Mungu kitu isipokuwa mashauri, alinunua na kurudisha kwa pumzi moja. Mchungaji wetu akawa wa tano, na hakusogea hata karibu. Mchungaji mgeni kutoka Mbarara, asiyejua lolote, alikuwa anafuta machozi. Alisema hajawahi kuona watu wenye moyo wa kutoa namna hii.

Shemasi akahesabu. Bado haitoshi. Akamnyanyua jogoo tena, na kila mtu akaanza kuchunguza viatu vyake. Na baada ya jogoo hakukuwa na kitu kingine cha kuuza.

Ndipo jirani yangu akashika bega langu, akasimama.

"Mumulete kwangu," akasema. "Miye simuoni, simuogopi."

Kanisa likaangua kicheko. Mgeni akauliza kuna nini, akanong'onezwa, akacheka mpaka akashikilia mimbari. Na watu wakicheka mikono yao inalegea: wanaume waliokuwa wameficha noti ya mwisho ndani ya soksi wakavua viatu. Ikatosha.

Jumatatu tulimchinja jogoo. Mimi ndiye niliyemshika, akanidonoa kwa mara ya mwisho. Nyama yake ilikuwa ngumu kama tabia yake.

Alhamisi jirani yangu akapasuliwa. Ijumaa asubuhi nesi akamfungua bandeji, na mimi, niliyekuwa macho yake muda wote ule, nikaanza kazi yangu: hapa kuna ukuta, pale dirisha, nje anapita mama mwenye kitenge cha njano, amenenepa vizuri. Akaniwekea kiganja mdomoni. Hakunipapasa kwanza kama zamani. Alikipeleka moja kwa moja.

"Yaya," akasema, maana kwetu aliyekuzidi umri unamwita yaya, "nyamaza kwanza. Nione miye mwenyewe."

Wajukuu wangu hawaamini nikiwasimulia, lakini nilinyamaza. Siku ya kurudi alikaa dirishani mwa basi, akatazama ng'ombe, vumbi, migomba, watu waliobeba madumu, na mimi pembeni yake, maneno yamenijaa mdomoni, mpaka Rubondo.