Kisu cha Idrisi na Sindano ya Kila Mwezi

Pale Karurumo watu hugombana juu ya mambo mengi: siasa, mipaka ya mashamba, kanisa lipi lina kwaya inayojua kuimba. Juu ya nyama hawagombani. Ng'ombe au mbuzi akifika machinjioni huchinjwa na Mwislamu, basi, yamekwisha. Walimu huila, makatekista huila, hata yule mchungaji anayetupasua masikio na kipaza sauti chake kila Jumapili huila na mifupa akaifyonza. Desturi hiyo ilianza lini, hakuna anayejua wala anayejali, mradi kila mtu aweze kula kwa mwenzake bila kuuliza maswali.

Kwa miaka mingi mkono uliofanya kazi hiyo ulikuwa wa Idrisi. Alifundishwa na babake, na kisu chenyewe kilikuwa cha babake, chenye mpini wa pembe uliolainishwa na viganja vya watu wawili. Idrisi alikuwa mtu mkimya, mwembamba, asiyependa makuu. Alimlaza mnyama kwa upole, akataja jina la Mungu, akapitisha kisu mara moja tu. Wenye bucha walisema mbuzi wa Idrisi hufa akidhani bado anakula majani. Walitia chumvi, lakini si nyingi.

Kisha babake akafariki, na haukupita muda mrefu Idrisi akaanza kumsikia.

Mwanzoni ilikuwa faraja. Akiwa ananawa mikono machinjioni, mzee alimwita kwa jina, akamwambia kisu hakijanolewa vizuri. Nani angekataa kusikia sauti ya babake? Lakini sauti ilibadilika. Ikaanza kumwambia kwamba nyama imetiwa sumu, kwamba kuna watu wanataka kuimaliza Karurumo nzima kwa kupitia mkono wake. Idrisi akaacha kulala. Akawa anatafuna muguka ili asisinzie, na yale majani yakazidi kumvuruga. Siku moja ya soko aliingia katika bucha ya Runji, akaangua nyama yote kwenye vyango, akaitupa nje vumbini, huku akilia na kuwasihi watu wasile.

Alikuwa akilia, jamani. Alikuwa anajaribu kuwaokoa. Hakuna aliyelisema hilo siku ile. Walisema "mũgũrũki", yaani kichaa kwa Kiembu, na Runji pamoja na wanaume wengine wawili wakamfunga kamba kama fahali. Mkewe Zuleka alikuja mbio kutoka nyumbani bila hata viatu. Aliyafungua yale mafundo kwa meno, kwa sababu vidole vilikataa kumtii.

Baada ya hapo kila mtu akawa daktari. Majirani wa kanisani walitaka apelekwe kwenye maombi. Shangazi mmoja alileta mizizi. Maalim Khalifa, mzee wa Waislamu wa pale na mkubwa wa wachinjaji, alimsomea Kurani, akampa kombe anywe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Lakini ni huyo huyo Maalim aliyemwita Zuleka kando na kumwambia, "Mwanangu, kusoma nitaendelea kusoma. Wewe mpeleke hospitali." Watu wengi wanaojiita wasomi hawajafika hapo.

Huko hospitalini Embu alipokelewa na Kajuju, muuguzi wa wagonjwa wa akili, mwanamke wa Kanyakine mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Ugonjwa ukapewa jina, skizofrenia. Idrisi akaanzishiwa sindano ya kila mwezi na vidonge vya kila siku. Muguka ukapigwa marufuku. Halafu kukawa na mazungumzo: kila akienda sindano, lazima akae na Kajuju chumba kidogo cha nyuma wazungumze. Sindano Zuleka aliielewa. Mazungumzo yalimshinda.

"Yaani unapanda gari mpaka Embu kwenda kupiga domo na nesi?" alimuuliza. "Si ungepiga na mimi hapa nyumbani?"

Lakini ni katika chumba hicho kidogo Idrisi alipomlilia babake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Na ni humo Kajuju alipomfundisha jambo moja, akalirudia mara nyingi mpaka likamwingia.

"Sauti ikikuja, usibishane nayo, na usifanye yenye inakuambia," Kajuju alisema. "Tafuta mtu ako karibu, umwambie, 'Nasikia.' Hiyo tu. Sema kwa mdomo, mtu mwingine asikie."

Sauti zilififia, kisha zikanyamaza. Idrisi akalala usingizi, akanenepa, akaanza tena kucheka na bintiye Mwanabibi. Kitu kimoja tu hakikurudi, nacho ni kisu.

Siku ile ya fujo Maalim Khalifa alikuwa amekichukua. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alivyofundishwa, na alivyofundisha wengine, mchinjaji sharti awe na akili timamu, la sivyo nyama haifai kuliwa. Alikiviringisha katika kipande cha leso, akakiweka juu ya kabati lake, akamwambia Idrisi, "Ukipona, njoo." Kazi ikapewa kijana kutoka Runyenjes aliyekuwa akichinja kama anayekata kuni. Idrisi akapewa kazi ya kuosha matumbo, kule mferejini nyuma, na mainzi. Aliifanya bila kunung'unika. Ila kila mnyama aliposhushwa pale mbele na yule kijana, Idrisi aligeuza uso.

Hatimaye Maalim akatuma salamu: imebaki miezi miwili na ushei kufika Idi ya kuchinja, aje machinjioni Jumamosi ya kabla yake, achinje mbuzi mmoja mbele ya wazee. Kama mkono uko sawa na akili iko sawa, kisu ni chake.

Zuleka alipiga vigelegele jikoni. Idrisi alitabasamu, akaenda nyuma ya nyumba, akanyoosha mkono wa kulia, akautazama. Ulikuwa unatetemeka.

Ulikuwa umetetemeka miezi mingi. Chai ilimmwagikia, vifungo vya shati vilimsumbua. Matumbo huoshwa hata kwa mkono unaotetemeka, kwa hiyo hakuna aliyejua. Lakini kisu cha mchinjaji hupita mara moja. Kikiruka, kikisita, mnyama anateseka na nyama inaharibika, na wazee watakuwa wamesimama pale wanatazama.

Sasa hapa ndipo wengi wetu wa huku tungefanya kosa hilo hilo, kwa hiyo tusimcheke. Kwetu ukiulizwa na daktari u hali gani, unajibu kwamba uko sawa. Ndiyo adabu. Daktari amekusaidia, utaanzaje kumlalamikia dawa yake? Kajuju alikuwa akimuuliza Idrisi kila mwezi, "Na dawa, inakusumbua mahali?" Na Idrisi, mikono ameificha katikati ya magoti, alikuwa akijibu, "Niko sawa, daktari. Asante sana." Alidhani mtetemeko ni sehemu ya ugonjwa, alama aliyoachiwa ili asisahau. Baadaye akakumbuka kwamba ulianza pamoja na sindano. Akajumlisha mwenyewe, bila kumuuliza mtu, akapata jibu lake.

Mwezi ule hakwenda Embu. Mwezi uliofuata pia. Kajuju alipopiga simu, Idrisi alimwambia yuko Isiolo ananunua mbuzi, na wakati huo alikuwa amekaa kwenye ndoo yake pale mferejini. Vidonge alivitumbukiza chooni. Na mkono, ole wake, ukatulia. Alishika kikombe kilichojaa pomoni, hakikumwagika hata tone. Alimwita Zuleka aone.

"Mashallah," Zuleka alisema. "Hiyo dawa inafanya kazi."

Idrisi akaweka kikombe chini. Ilimuuma kumdanganya mwanamke aliyefungua kamba zake kwa meno.

Wiki ya mwisho usingizi ulianza kumtoroka. Akawa anafunika mtungi wa maji, anaufunua, anaunusa. Alikataa muthere, mahindi na maharagwe, uliopikwa na mkewe mwenyewe, akasema tumbo limejaa. Zuleka akaifunika sahani. "Baba Mwanabibi, uko sawa?" Naye akajibu kama alivyozoea kujibu.

Jumamosi ikafika. Machinjioni walikuwapo Maalim Khalifa, wazee wawili, mkaguzi wa nyama mwenye gambuti zake nyeupe, na Runji, ambaye alikuwa amekuja kuchukua nyama ya duka na hakuwa na haja ya kubaki, lakini akabaki. Maalim alifungua leso. Kisu kilikuwa kimenolewa. Idrisi alikipokea, na vidole vyake vikakumbuka mahali pao kwenye mpini.

Mbuzi alilazwa. Idrisi alipiga goti, mkono umetulia tuli, wazee wakatazamana na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Kilichokuwa kimebaki ni bismillahi.

"Idrisi," babake akasema.

Sauti ilikuwa karibu, upande wa kushoto, mahali alipokuwa akisimama siku zote. "Usimchinje huyo. Wamemlisha sumu. Watoto watamla."

Kwa muda mfupi kulikuwa na njia mbili tu. Angeweza kutii, atupe kisu, aanze kupiga kelele kama siku ile. Au angeweza kuuma meno, apitishe kisu, na hakuna mtu hata mmoja pale angejua. Kisu kingekuwa chake, Idi ingefika, mkewe angepiga vigelegele tena. Mkono ulikuwa tayari. Aliutaka ule mpini kuliko kitu chochote duniani.

Alikiweka kisu chini, juu ya saruji, kwa upole, kama kitu cha mtu mwingine.

"Maalim," alisema. "Maalim, nasikia."

Mbuzi alipata mwanya, akajiinua, akakimbilia mlangoni, na ajabu ni kwamba Runji ndiye aliyemdaka. Maalim Khalifa alichuchumaa kwa shida, magoti yakilia, akamshika Idrisi bega. "Unamsikia nani?"

"Baba."

"Anasema nini?"

Idrisi akamwambia yote, mbele ya watu wote: sumu, watoto, na kwamba ameacha sindano ili mkono usitetemeke. Alisema huku analia, lakini safari hii hakuna aliyeleta kamba. Runji alimshika mbuzi wake kwa masikio akatazama chini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuonekana ana haraka, "Niko na pikapu hapo nje. Nitamfikisha Embu."

Kajuju alipomwona Idrisi na kusikia habari yake, hakucheka kicheko chake. Alikasirika kwelikweli.

"Kwa nini hukuniambia unatetemeka? Hiyo ni side effect ya dawa, Idrisi! Tuko na dawa ya hiyo. Daktari anaweza punguza dozi, anaweza badilisha. Watu wangapi nimewabadilishia hapa!"

"Sikutaka kulalamika."

"Lalamika!" Kajuju alipiga meza. "Si ndio kazi yangu? Uje hapa ulalamike mpaka nikuchoke." Kisha akakaa, akajifuta uso kwa kiganja. "Na mimi pia. Nilikuwa nauliza tu na mdomo. Sikuwahi kukuambia utoe mikono nione."

Sindano ikabadilishwa, kikaongezwa kidonge kidogo cha mtetemeko. Idi ikapita Idrisi akiwa wodini, na yule kijana wa Runyenjes akachinja. Zuleka alimletea nyama kwenye kontena. Alipoambiwa kila kitu, hakumgombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamwambia kitu kimoja tu, "Usinionyeshe kikombe tena. Nionyeshe mkono, hata ukitetemeka."

Ilichukua muda. Mtetemeko ulipungua, haukuisha kabisa. Asubuhi za baridi unamrudia kidogo. Idrisi alirudi kwenye ndoo na matumbo, akiamini kwamba habari ya kisu imekwisha na kwamba aliimaliza mwenyewe. Hilo lilimuuma, na kwenye chumba kidogo cha nyuma alilisema.

Ndipo siku moja asubuhi Maalim Khalifa akaja mferejini akiwa na leso mkononi.

"Maalim, nilishindwa," Idrisi alimwambia kabla hajafungua.

"Ulishindwa nini? Mimi nilisema mchinjaji awe na akili timamu. Nimechinja tangu ujana wangu, sijaona mtu akiweka kisu chini kwa hiari yake, watu wakimtazama. Kama hiyo si akili, basi sijui akili ni nini." Akanyoosha kisu, na Idrisi akaona kwamba mkono wa mzee nao unatetemeka. "Lakini kila siku kabla hujachinja nitakuuliza swali moja. Nisipokuwapo atakuuliza mkaguzi. Leo unasikia nini?"

Idrisi alisimama akasikiliza kwa makini, kama alivyofundishwa. Alisikia maji ya mferejini. Alisikia mbuzi akilalamika kule mbele, na Runji akilalamika zaidi ya mbuzi, kwamba wateja wanangoja na nyama haijatoka. Akasikiliza upande wa kushoto, mahali pale pa siku zote. Babake hakusema neno. Ilimuuma, maana alimpenda, na sasa alikuwa amekufa kweli.

"Namsikia Runji," alisema.

Akanawa mikono, akapokea kisu, akaenda mbele. Kilipita mara moja.