Vidole Kumi vya Mama Donoa

Hospitalini walimwita Mama Donoa, naye hakulikataa jina. Alikuwa mchapaji. Barua za madaktari, ripoti za upasuaji, taarifa za wagonjwa wanaohamishiwa kwingine, zote zilipita mikononi mwake. Au tuseme ukweli: zilipita kwenye vidole vitatu, viwili vya kulia na kimoja cha kushoto, vikidonoa kibodi kama kuku aliyemwagiwa mtama. Mgeni akimtazama mara ya kwanza alidhani mwanamke huyu anaua sisimizi. Akisubiri dakika tano alikabidhiwa ukurasa mzima, umenyooka, hauna kosa.

Hakusomea kazi hiyo. Aliingia hospitalini akiwa mfagiaji, na chumba cha chapa kilikuwa kwenye zamu yake. Wachapaji walipokwenda kula mchana, yeye aliegemeza ufagio mlangoni, akaketi mbele ya taipureta kuukuu na kuwinda herufi mojamoja. Siku moja mchapaji mkuu aliugua na kulikuwa na ripoti ya haraka. Mfagiaji akasema, "Nipeni mimi." Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Jioni ripoti ilikuwa mezani, na hakuna aliyecheka tena. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili, taipureta zikaondoka, kompyuta zikaja, vidole vikabaki vitatu vilevile.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kazi ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha. Madaktari, kama mjuavyo, huandika kana kwamba wanafukuzwa. Basi yeye aliilaza karatasi ya daktari ubavuni mwa kibodi, akakiweka kidole kidogo cha kushoto juu ya mstari anaousoma, na kidole hicho kikatembea na maneno mpaka mwisho, kikashuka mstari wa chini, kikaanza upya. Kidole cha shahada peke yake ndicho kilichoruka kwenda kusaidia kwenye kibodi na kurudi. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuacha mstari wa mtu. Madaktari walilijua hilo, na ndiyo maana walipeleka barua nzito kwake na kuwaachia wengine matangazo ya usafi.

Lakini alikuwa na aibu. Wakija wageni chumbani alijifanya anatafuta kalamu ili asichape mbele yao. Aliwahi kumwona msichana mmoja wa chuo aliyeletwa kwa mafunzo, vidole vyote kumi vinateleza, kichwa kiko juu, anaongea na watu huku anachapa. Msichana yule alimtazama Mama Donoa, akasema kwa upole kabisa, "Mama, kumbe hata hivyo inawezekana?" Upole ule ulimuuma kuliko tusi. Hakumsimulia mtu ila wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mumewe, tumbo moja. Ndoa ilipomvunjikia alikuja kwao na sanduku moja, na Mama Donoa ndiye aliyekwenda kwa Katibu wa hospitali kumwombea kazi. Alimfundisha yeye mwenyewe kuchapa kwa vidole vinne vitano, alimfundisha kusoma mwandiko wa kila daktari. Kwa miaka minane walikaa wakitazamana, meza kwa meza, wakala chakula cha mchana kwenye bakuli moja. Mtu akimuuliza Mama Donoa ana rafiki gani, alijibu kwamba ana wifi.

Ndipo likatoka tangazo. Chumba cha chapa kingebaki na kiti kimoja. Wachapaji wawili wangefanya mtihani wa kuchapa baada ya miezi miwili, na atakayeshindwa angehamia stoo ya mafaili, chini, kule ambako mchana huwashwa taa na vumbi halikauki puani. Katibu alimpa Wifi alichape, na Wifi ndiye aliyelibandika ubaoni. Ukurasa mmoja, maneno machache.

"Umeona, wifi?" Wifi alisema siku ile ile, ameinamia meza ya mwenzake. "Nimemsikia Katibu akiongea na simu. Msimamizi analetwa kutoka nje. Atasimama nyuma ya kiti aangalie vidole. Kumi vyote, kila kimoja mahali pake, na hakuna kutazama kibodi. Ukidonoa tu, umefeli."

Mama Donoa aliviinua vidole kutoka kwenye kibodi. "Sasa wewe utafanyaje?"

"Mimi? Mimi nimeshanawa mikono. Nitakwenda stoo nikacheze na panya. Hicho kiti ni chako, wifi, kila mtu anajua. Wewe jifunze tu."

Alivikwa kilemba cha ukoka na akakiona kimemkaa vizuri. Angeweza kwenda kumuuliza Katibu. Ofisi yake ilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Lakini aende akaseme nini? Kwamba mchapaji wa miaka ishirini na miwili anaomba kujua kama vidole vyake vitaangaliwa? Aibu ilimkalisha. Wifi alijua kwamba ingemkalisha, maana habari za yule msichana wa chuo alisimuliwa yeye.

Nyumbani mumewe alilipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Alikuwa mchora mabango: vinyozi, maduka ya dawa, mafundi wa pikipiki, mtaa mzima ulisoma herufi zake. Alichukua boksi la viatu, akalikata, akachora juu yake kibodi nzima kwa rangi nyeusi, kila herufi imetulia ndani ya kiboksi chake. Ilikuwa nzuri kuliko kibodi yenyewe. Kila baada ya chakula cha jioni alipangusa meza, akaiweka, mkewe akapanga vidole juu yake, naye akaishika taulo ya jikoni juu ya mikono ya mkewe ili asiione.

"Haya, Mama Mapacha. Andika 'mume wangu ni mzuri'."

"Hiyo haimo kwenye kitabu cha mazoezi."

"Basi kitabu kina kasoro."

Walicheka mpaka taulo ikaanguka. Mapacha wao walikuwa shule ya bweni, nyumba ilikuwa kimya, na kwa siku chache zile Mama Donoa alijiona kama ameolewa upya.

Wiki ya pili mume aliacha utani. Alikuja mezani, akashika taulo, akasoma maneno ya kitabu moja baada ya jingine, macho yake yako dirishani. Mkewe alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni kazi, mabango yamekuwa mengi. Mwanamke akamhurumia, akampunguzia: badala ya saa nzima wakawa wanafanya nusu saa. Ila hakukosa jioni hata moja, na hilo ndilo lililomtia Mama Donoa imani.

Kujifunza ukubwani ni mateso. Vidole vilivyolala miaka yote viliamshwa kwa nguvu, vikauma mpaka kwenye kiwiko. Hospitalini alijilazimisha kutumia vyote kumi, na barua zikaanza kuchelewa. Daktari wa mifupa akaja mwenyewe kuuliza kama Mama Donoa anaumwa. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa na kazi mpya, kubonyeza herufi A, na karatasi ya daktari ikabaki imelala peke yake bila mtu wa kuishika mstari. Lakini somo alilishika. Miezi miwili ilipotimia, mikono ilikwenda chini ya taulo bila kupotea, na alipoona hivyo alitokwa na machozi ya furaha. Mumewe aliikunja taulo na kusema amechoka.

Siku ya mtihani msimamizi alikuwa mzee mfupi mwenye miwani. Alimpa kila mmoja karatasi mbili zenye mwandiko wa daktari, akabonyeza saa, kisha akaenda kukaa karibu na mlango, akafungua gazeti. Hakuinua macho. Mama Donoa aliona ni mtego. Alijiambia anachunguliwa kwa pembeni ya gazeti, akakaza vidole vyake kumi, mgongo wima, kichwa juu kama msichana wa chuo. Meza ya pili alimsikia Wifi akidonoa, ta, ta, ta, kama alivyomfundisha, akamsikitikia kwa dhati.

Matokeo yalisomwa hapohapo. Wifi alikuwa na makosa matatu madogo. Msimamizi aliigeuza karatasi ya Mama Donoa, akaweka kalamu katikati ya ukurasa.

"Kasi yako nzuri, mama. Lakini hapa umeruka mistari miwili. Imeandikwa kwamba mgonjwa huyu dawa hii inamdhuru, asipewe. Hapa umeacha mtu."

Wifi alimkumbatia kwenye korido, akalia na yeye, akasema hata hajui alivyopona. Jumatatu Mama Donoa alishuka stoo na kikombe chake na sweta.

Huko chini alijaribu kuvirudia vidole vyake vitatu kwenye kompyuta kuukuu ya orodha. Vilikuwa vimesahau njia. Kila kimoja kilivingoja vingine. Vyote kumi vilikuja kwa pamoja na kupanga foleni kwenye mstari wa katikati, vimefunzwa adabu. Alikuwa amelipwa nini kwa adabu hiyo? Alikaa akaitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine.

Wiki ya tatu aliletewa mafaili ya ofisi ya Katibu ayapange. Katika faili la wafanyakazi alikuta nakala ya lile tangazo. Nakala ilikuwa na kurasa mbili. Ule wa kwanza aliujua kwa moyo. Wa pili hakuwahi kuuona. "Msimamizi hataangalia namna mtu anavyotumia vidole. Kila mchapaji atachapa kama alivyozoea. Kitakachopimwa ni kasi na usahihi wa nakala." Chini ya kichwa cha habari kulikuwa na safu ya vistari vidogo badala ya mstari mmoja mrefu. Wifi alikuwa na tabia hiyo tangu mwanzo, na Mama Donoa, aliyemfundisha, alikuwa amechoka kumsahihisha.

Alipanda ngazi na karatasi mkononi. Wifi alikuwa kwenye kiti, anadonoa. Aliiona karatasi kabla hajamwona aliyeishika.

"Ukurasa huu uliuweka wapi?" Mama Donoa aliuliza.

Wifi alisema bila kugombana, "Kwenye droo yangu."

"Nilikuchukua na sanduku lako."

"Najua, wifi. Nilihesabu nikaona sina mahali. Kifua changu hakiwezi lile vumbi, baada ya mwaka mmoja tu wangenifukuza. Wewe ukishuka stoo una mume, una watoto, una kwako. Mimi nikishuka nina nini?" Alifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Na usinitazame kama nimeficha peke yangu. Kaka alijua. Nilimwambia wiki ileile ya kwanza, roho ilikuwa inanisuta. Nilidhani atakwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema nisiongee tena habari hiyo mbele yake."

Mama Donoa aliliweka lile tangazo mezani, kurasa zote mbili, akatoka. Njiani hakuona mtu. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimzunguka kichwani: jioni hamsini. Jioni hamsini mtu alipangusa meza, akakunjua taulo, akaishika juu ya mikono yake, huku akijua. Wifi alimwibia kiti, sawa, na wezi wapo. Huyu alimshika mkono kila siku akampeleka mwenyewe mpaka stoo, na katikati ya safari akamuuliza kama vidole vinauma.

Mumewe alimkuta mezani. Hakukuwa na chakula. Kulikuwa na boksi la viatu lenye herufi, na vidole vyake kumi juu ya mstari wa katikati, wazi, bila taulo. Jua la jioni lilikuwa bado sakafuni.

"Bado unafanya mazoezi?" alisema, akajaribu kucheka.

Mkewe alimkazia macho usoni, akachapa. Vidole viligonga boksi kwa sauti ndogo, kavu.

"Umeandika nini?"

"Soma. Wewe ndiye uliyezichora."

"Mama Mapacha, nimetoka kazini..."

"Nitachapa polepole. Soma."

Kidole cha shahada cha kulia kilipanda kwenye U. Cha pete kikagonga L. Cha kati kikapanda kwenye I, cha shahada kikashuka kwenye J, kikarudi kwenye U. Mwisho kikaja kile kidogo cha kushoto, kilichokuwa kikiwashikia watu mistari yao, kikabonyeza A na kubaki hapo.

Mchora mabango hakuhitaji kurudiwa. Aliketi kwenye kiti cha upande wa pili, kofia bado kichwani, akaitazama kazi ya mikono yake.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Angekwenda wapi?"

Mkewe aliliandika tena neno lilelile, na tena, kwa kasi ambayo ingempatia kile kiti, bila kukosea hata herufi moja, na hakutazama mikono.