Vigae Saba vya Mama Gawanya

Jina la Mama Gawanya hakupewa kwa heshima. Wifi zake ndio waliombandika, kwa kumcheka, maana fundi vigae huyu haoni namba akaiacha ipite salama. Ya gari, ya mlango, ya risiti, zote atazigawa mpaka zikome kugawanyika. "Wifi, utarukwa na akili!" wakamwambia. Naye hucheka, akaendelea kugawa.

Asubuhi ile alikuwa amemaliza kutandika ukumbi mzima: mistari mia, kila mstari vigae mia. Badala ya ahsante, msimamizi alimjia na daftari la stoo.

"Tulipokea vigae 10,007. Sakafuni viko elfu kumi, stoo hakuna kitu. Saba viko wapi, mama? Mkurugenzi anakuja saa sita. Hapa hatufugi wezi!"

Lo! Miaka kumi na tisa katika kazi, hajabeba hata msumari wa mtu. Akifukuzwa kwa wizi, nani atampa sakafu nyingine? Machozi yalimlengalenga. Kisha akaitazama ile namba. Akachana karatasi ya mfuko mtupu wa saruji, akatoa penseli sikioni, akaanza kuigawa. Kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, akapanda mpaka tisini na saba. Kwa zote iligoma. Akajikuta anatabasamu peke yake.

Saa sita mkurugenzi alifika, mafundi wakakusanyika. Mama Gawanya hakungoja kuulizwa.

"Msimamizi, vigae vilikuja vipi?"

"Kwa maboksi. Na usituulize boksi lilikuwa na vingapi, tulishayachoma."

"Lakini yote yalikuwa sawasawa?"

"Sawasawa. Sasa?"

"Sasa 10,007 ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Weka boksi la vigae kumi, la ishirini, la hamsini, lolote ulipendalo, haiingii! Kwa hiyo humo daftarini mna vigae ambavyo havikuja ndani ya boksi. Nani alipokea vigae mkononi?"

Mkurugenzi alimgeukia msimamizi polepole. "Zile sampuli saba za vigae. Si nilikukabidhi wewe mwenyewe, ukasema utaziandika?"

Msimamizi akageuka, akatangulia. Wote wakaongozana mpaka ofisini kwake. Dirishani palikuwa na vyungu saba vya maua, vimepangwa vizuri, na chini ya kila chungu kigae kinang'aa.

"Mwombe radhi," mkurugenzi alisema. "Hapa hapa, wote wasikie."

Msimamizi akamwomba radhi. Mafundi walipaza sauti: "Mama Gawanya! Mama Gawanya!" na safari hii hakuna aliyekuwa anamcheka. Msimamizi akainama kuondoa vigae, akamwita kibarua amsaidie nusu.

"Aa, bwana," akasema Mama Gawanya, akifuta mikono kwenye kanga. "Saba nayo haigawanyiki. Vibebe vyote mwenyewe."