Mkanda wa Picha Sabini na Mbili

Ninyi mliokua wakati mtu alivaa viatu kwa ajili ya picha, mtanielewa haraka. Pale Igogo, mtaa wetu juu ya ziwa, siku ya kupigwa picha ilijulikana wiki nzima kabla. Nywele zilisukwa Jumamosi, magoti yakapakwa mafuta mpaka yakang'aa kuliko viatu, na asubuhi yake makochi yalitolewa nje pamoja na meza, kitambaa chake cha kufuma, redio na maua ya plastiki. Mpita njia angedhani tunahama. Kisha tulijipanga mikono imenyooka kama tunaimba wimbo wa taifa, hakuna anayecheka, na mtu mzima mmoja lazima aseme, "Atakayepepesa macho atanitambua." Picha ikishapigwa, tulisubiri. Wiki, mwezi, wakati mwingine mpaka gauni lililoshonwa kwa ajili ya picha hiyo halimwingii tena mwenyewe.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu Neema. Ana miaka ishirini na moja, yuko chuo, na simu yake ina maelfu ya picha, nusu yake za chakula. Mwezi uliopita alirudi likizo akanitangazia kwamba yeye na wenzake sasa wanataka kamera za mkanda. Za zamani, ndogo, za kutembea nazo kila siku kwenye mkoba.

"Mama, si una zile mbili za Bibi Adela sandukuni? Nipe moja."

"Ipi?"

"Ile nzuri."

Swali la ipi ndiyo nzuri lilinikaa kichwani siku nzima. Jioni nilizitoa zote mbili, nikazifuta vumbi, nikaziweka mezani na karatasi pembeni, maana mimi jambo nisipoliandika silioni vizuri.

Ya kwanza ni nyeusi, ya plastiki, ina taa yake ya mwanga na inavuta mkanda yenyewe kwa mlio wa mashine ya kusaga iliyo mbali. Inapiga hata ndani ya nyumba. Lakini bila betri mbili haifanyi lolote, na haitaki umsogelee mtu. Ukimkaribia sana, uso unatoka kama umepigwa kupitia mvuke wa sufuria. Ya pili ni ya chuma, inaenea kiganjani, na kioo chake kimezungukwa na vijishimo kama sega la nyuki vinavyopima mwanga. Haijui betri ni nini. Mwanga ukiwa hafifu, inakataa: kijibendera chekundu kinajitokeza kwenye tundu la kuchungulia na kitufe hakibonyei. Ina alama tatu za kuchagua umbali, yaani kichwa kimoja, watu wawili, na mlima.

Neema aliigeuzageuza hii ya chuma.

"Inachajiwa wapi?"

"Haichajiwi."

"Sasa picha naiona wapi?"

"Huioni."

"Kwa hiyo unajuaje kama umetoka vizuri?"

"Hujui."

Alinitazama kama nimemwambia kwamba zamani tulikula uji kwa uma.

Kuna tofauti moja zaidi, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini nimsimulie. Ile ya chuma huigawa kila nafasi ya mkanda mara mbili. Mkanda wa picha thelathini na sita unakupa sabini na mbili. Aliyeisifu kwa hilo alikuwa Mama mdogo Adela, mdogo wake mama, fundi cherehani aliyeishi nasi na ambaye Jumapili baada ya misa alipiga watu picha. Kwake ile ilikuwa baraka. Kwetu watoto ilikuwa adhabu, kwa sababu mkanda haupelekwi mjini kusafishwa mpaka uishe, na mkanda wa picha sabini na mbili hauishi. Watu walikuja mlangoni, "Shikamoo, nimefuata picha," naye akajibu huku mguu uko kwenye cherehani, "Marahaba mwanangu, mkanda haujaisha."

Kila Jumapili alichagua abebe kamera ipi, na mara nyingi baba ndiye aliyemchagulia bila kujua, kwa sababu betri za ile nyeusi zilikuwa kwenye redio yake ndogo kila palipokuwa na mpira. Basi Mama mdogo aliitia ile ya chuma kwenye mkoba wake, na futi yake ya ushonaji shingoni. Hiyo futi haikuwa pambo. Alimkabidhi mteja ncha moja, "Shikilia hapa kidevuni," akarudi nyuma akisoma namba, kisha akachagua alama. Sijamwona mpiga picha mwingine aliyempima mtu uso kama anayemkatia kola.

Nilikuwa na miaka kumi babu alipokuja kutoka Bukoba. Alikuwa baba yao mama na Mama mdogo, mkulima wa kahawa, mtu mrefu asiyependa kusindikizwa. Alikuja kutazamwa macho. Alipotoka hospitali hakukaa. Alisimama uani akisema polepole, kama anayetoa taarifa ya mavuno, kwamba daktari ameona hakuna la kufanya, na kwamba kabla mvua hazijakatika atakuwa anaona mwanga tu. Kisha akamgeukia Mama mdogo.

"Adela, nipige picha na wajukuu wangu. Nirudi nayo nyumbani, niwe naitazama muda huu uliobaki."

Makochi yakatoka nje. Watoto tisa tulisimama nyuma ya babu, na ili tuenee Mama mdogo alirudi nyuma mpaka futi ikamwishia, akarudi tena mpaka akaegemea ukuta wa jirani. Akabonyeza mara moja. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Babu alikuwa na tiketi ya meli ya Alhamisi.

Nilikwenda kuangalia kidirisha cha namba. Zilibaki nafasi arobaini na moja.

"Mama mdogo, mkanda utaisha lini?"

"Jumapili ya wiki ijayo kuna kipaimara. Utaisha hapo. Picha tutamtumia babu yako kwa mtu."

Nilipiga hesabu kichwani. Kipaimara, kusafisha, kumpata mtu wa kusafiri. Mwezi, labda miwili. Babu angeletewa picha asiyoweza kuiona. Nikamwangalia pale alipokaa, akijaribu kuupata mkono wa kikombe cha chai kwa kukizungusha, na nikaona kwamba hakuna mtu mzima aliyekuwa anapiga hesabu hiyo ila mimi.

Jumapili Mama mdogo hakupiga picha; tangu atoke misa alikuwa anampima bibi harusi mmoja ambaye hakuridhika na mikono ya gauni lake. Kamera ilikuwa kwenye mkoba, mkoba kwenye msumari. Niliichukua, nikachukua na futi ya akiba, daftari la hesabu, na mdogo wangu Deo wa miaka sita, ili nisiwe mkosaji peke yangu. Lengo letu lilikuwa moja: kuumaliza mkanda.

Mnajua ilivyo vigumu kupata vitu arobaini na moja vya kupiga picha, kwa watoto waliofundishwa kwamba picha ni ya watu waliovaa vizuri? Nilipiga jogoo. Nilipiga foleni ya ndoo bombani, ndoo zenyewe zikiwa zimepangwa bila watu. Nilipiga mawe ya nyuma ya nyumba, na jiwe moja mara mbili kwa sababu lilikuwa kubwa. Tulishuka mpaka ziwani nikapiga dagaa walioanikwa, mitumbwi iliyolala kifudifudi, na miguu yangu ndani ya maji. Kila moja niliiandika daftarini kwa namba. Namba hamsini na tatu ni Mama Kulwa, jirani yetu, akifua.

"We Koku! Unanipiga picha na kanga ya kufulia? Una akili wewe?"

"Tayari, mama."

"Tayari nini? Ngoja nikavae!"

Aliingia ndani na povu mikononi, akatoka na kitenge kipya na poda usoni, akasimama wima kando ya beseni. Hiyo ni namba hamsini na nne. Hakuuliza kamera nimepewa na nani.

Jua lilipoanza kulala, ilibaki nafasi moja na kijibendera chekundu kikaanza kunikatalia. Nikamtoa Deo chini ya paa la bati mpaka palipokuwa na mwanga, nikamshikisha futi kidevuni, nikageuza alama kwenye kichwa kimoja, na nikamsogelea kama ilivyoelekeza, karibu kabisa. Aliona futi inamtekenya. Akacheka mdomo wazi. Nikabonyeza.

Mama mdogo alijua kabla usiku haujaingia. Aliitazama namba, akaitikisa kamera sikioni, akatuita.

"Nani amemaliza mkanda wangu?"

Deo alininyooshea kidole kabla swali halijaisha.

"Kwa hiyo kipaimara nitapiga kwa kidole? Koku, watu wamenipa ahadi yao, nimewapa yangu, wewe umepiga nini? Sema, umepiga nini?"

Nikafungua daftari nikaanza kusoma. Jogoo. Ndoo. Jiwe. Jiwe hilohilo. Nilipofika kwenye miguu yangu mwenyewe, babu aliyekuwa barazani alicheka mpaka akakohoa. "Adela," akasema, "upeleke mkanda mjini kesho. Ukirudi, wachape." Na ndivyo ilivyokuwa, kwa mpangilio huohuo.

Picha zilitoka Jumatano mchana. Mama mdogo alimtolea babu kwanza ile ya familia. Babu aliishika juani, akaisogeza, akaigeuzia jicho la kushoto lililokuwa na nafuu. Tulikuwa tumemzunguka sote tisa.

"Naona weupe wa mashati," akasema. "Nani yuko hapa pembeni?"

Nyuso zetu zilikuwa ndogo kama punje za mchele. Mama mdogo alianza kumtajia majina kwa kidole, huyu Koku, huyu Deo, naye akaitikia kila jina kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa wageni. Nilitamani ardhi inifunike. Tulikuwa tumewahi, na bado tulikuwa tumechelewa.

Akaendelea kuzipitia nyingine moja moja, nadhani ili asimvunje moyo Mama mdogo. Akafika ya mwisho. Akaisogeza karibu na jicho.

"Huyu ameng'oka meno mawili," akasema. "Deo! Lini umeng'oka meno?"

Deo akasema ni kabla ya Krismasi.

"Mbona sikuambiwa?" Akamvuta, akalinganisha uso na picha, picha na uso. Halafu akatugeukia sisi wengine. "Na ninyi mbona mlisimama mbali vile? Njooni hapa."

Mkanda mwingine haukuwepo. Mama mdogo alizing'oa betri kwenye redio katikati ya mpira, lakini ile nyeusi nayo haikuwa na mkanda, na meli ilikuwa kesho. Babu hakungojea. Alihamisha kigoda mpaka kwenye jua kali la uani, akatuita mmoja mmoja kwa umri. Alikushika kidevu, akakuinua uso, akautazama kutoka umbali wa kiganja, paji, nyusi, pua, mpaka aridhike. Ilichukua muda. Kwangu aliuliza, "Hili kovu juu ya jicho?" Nikamwambia nilianguka kwenye mawe. Akalipitishia kidole, akasema, "Sawa, nimeliona," kisha akamwita anayefuata.

Alisafiri na picha ya Deo mfukoni. Ile ya familia alituachia.

Nilipomaliza, Neema alikuwa ameichukua ile nyeusi, kwa sababu ya taa. Sikumlaumu. Kizazi chao kinapiga kikiwa kinatembea, kinatuma kabla hakijafika, na siku hizi hata kwenye kivuko cha Kamanga utawaona wameligeuzia ziwa mgongo wakijitazama wenyewe. Sisi tulipata picha nne kwa mwaka na tulizijua kwa moyo. Sina hakika kwamba tulikuwa bora. Ninachojua ni kwamba kwa kukosa picha tulilazimika kutazamana, na leo hakuna anayelazimika.

Nilimwambia ya kubeba kila siku ni hii ya chuma. Haina taa, itamkatalia mara nyingi, na mkanda wake hauishi. Lakini inamtaka asogee.

Akaichukua, akageuza alama kwenye kichwa kimoja, akanijia karibu pale dirishani. Nikanyoosha mikono na kukaza uso, tabia ya Igogo hainitoki. Alichungulia muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mama," akasema, "hilo kovu ulilipata lini?"

Miaka ishirini na moja tunaishi naye. Nilipomwambia ni la utotoni, aliishusha kamera bila kubonyeza, akaendelea kunitazama.