Ijumaa Nilizopigiwa Makofi

Nakumbuka Ijumaa moja ya baridi kule Mweiga. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Aberdare hadi kwenye madirisha ya darasa letu, na sisi watoto wa darasa la pili tulikuwa tumekaa, mikono kwapani, tukisubiri imla ya Kiingereza. Mwanangu Muthoni, siku hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia. Umeniuliza mara nyingi sikio langu la kushoto lilikufa lini, nami nimekujibu kila mara kwamba ni ugonjwa wa utotoni tu, kisha tukaendelea kumenya viazi. Sikukudanganya. Nilikupa jibu fupi kwa sababu lile refu linaniuma.

Leo nalitoa kwa ajili ya ile video uliyonionyesha Jumapili. Umepata kazi ya ualimu Kangari, kule kwenye mashamba ya majani chai, na wanafunzi wako wa gredi ya pili wanaimba herufi za Kiingereza huku wakiziandika hewani kwa vidole. Ulikuwa na furaha, nami nikafurahi nawe, maana najua ulivyohangaika hadi ukaipata kazi hiyo. Lakini kuna mtoto mmoja katika video ile aliyenitia hofu, na tangu Jumapili sijapata raha. Naogopa masikio yake yanakufa na hakuna anayejua. Usikasirike bado. Nisikilize kwanza, halafu uamue kama mama yako amezeeka vibaya.

Sisi tulifundishwa hivyo hivyo, mwanangu. Jumatatu Mwalimu Gichuki aliandika maneno ya wiki ubaoni, moja chini ya lingine. Alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Alilisoma neno, akaligonga kwa kijiti chake, nasi tukaimba: bii, oo, oo, kei! Tena! Bii, oo, oo, kei! Tukapiga makofi, tukapiga madawati, tukanyoosha mikono na kuandika hewani. Wapita njia walisimama nje ya ua kutusikiliza. Wazazi waliipenda sana kelele hiyo, kwani iliwaambia kwamba karo yao inafanya kazi. Ijumaa maneno yalifutwa, tukapewa karatasi, naye akapita polepole nyuma ya migongo yetu akiyasoma moja moja, tuandike.

Mimi nilikuwa bingwa wa imla. Nasema hivyo bila majivuno, utaona mwenyewe kwa nini. Kila Ijumaa nilipata yote, nikaitwa mbele, darasa likanipigia makofi, nami nikarudi kwenye dawati langu nimevimba kichwa.

Sasa nikueleze ubingwa huo ulitoka wapi. Msimu wa baridi uliotangulia, masikio yangu yalianza kutoa usaha. Baba alinitia mafuta ya moto kidogo, akanifunga kitambaa, na usaha ukakoma, kisha ukarudi, kisha ukakoma tena. Hakuna aliyeshtuka. Kule kwetu mtoto kuwa na makamasi na masikio ya kunuka wakati wa baridi lilikuwa jambo la kawaida kama matope. Kusikia nako hakukuondoka kwa siku moja. Kulipungua taratibu, na kwa kuwa nilikuwa mdogo, nilidhani ni watu wameanza kuzungumza chini chini. Nilidhani hata ndege wamehama.

Nilipokuja kugundua kwamba wenzangu wanasikia nisichosikia, niliona aibu. Mtoto haogopi ugonjwa, mwanangu, anaogopa kuchekwa. Basi nikajifunza kuishi kwa macho. Darasa likiimba, nilitazama mdomo wa Mwalimu na mkono wa msichana aliyekaa mbele yangu, nikauinua wangu nyuma ya wake, nikaandika hewani alichoandika yeye. Mdomo wangu ulifunguka na kufungika pamoja na midomo ya wengine. Katika kelele ile, nani angejua kama sauti yangu imo? Na Ijumaa ilikuwa rahisi zaidi. Mwalimu Gichuki aliyasoma maneno kwa mpangilio ule ule wa ubaoni, kuanzia juu kwenda chini, wiki baada ya wiki. Sikuhitaji kumsikia. Niliyakariri yote jinsi yalivyopangwa, nikatazama kalamu za jirani zikianza kutembea, nikaandika.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu nyumbani hakuna anayeimba. Mimi nilipewa jina la mama yake baba, na kama unavyojua desturi yetu, baba hakuniita kwa jina. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. "Maitu, leta ndoo!" "Maitu, ng'ombe ameingia kwa viazi!" Alikuwa akiniita kutoka ng'ambo ya shamba, nami nikabaki nimeinama, nikichuma mboga kama sijaitwa. Alidhani nimekuwa kichwa ngumu. Siku moja alikuja kwa hasira akanizaba kofi, nami sikujua kosa langu. Nililia nyuma ya zizi hadi jioni. Yeye hakuzoea kunipiga, na najua kofi lile lilimuuma maisha yake yote.

Basi ile Ijumaa ya ukungu, sijui kwa nini, Mwalimu Gichuki aliamua kuanza na neno la chini kabisa na kupanda juu. Mimi nikaandika kama kawaida, kuanzia juu kwenda chini, kwa mwandiko mzuri, bila kukosea hata herufi. Alipokusanya karatasi, akaifikia yangu, nilimwona akikunja uso. Kila neno lilikuwa sahihi, lakini halikuwa neno alilolisoma.

Alisimama mbele yangu ndipo nikaweza kuuona mdomo wake. "Hii karatasi umeandika nyumbani," alisema. "Umekuja nayo kwa sweta. Kumbe hizi siku zote wewe ni mwizi tu!"

Nikatikisa kichwa. Sikuweza kumweleza. Ningesema nini, na siri yenyewe ndiyo niliyokuwa nikiilinda? Alinisimamisha karibu na ubao, na wale wale walionipigia makofi wakaanza kunizomea. Sikuwasikia vizuri, lakini niliona midomo yao. Kisha akanipeleka kwa mwalimu mkuu, akataka nifukuzwe shule hadi mzazi aje aeleze.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama mzee aliyekaribia kustaafu, Mwalimu Wairimu. Hakuwa mpole, mwanangu, usidhani nakusimulia habari za malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na wanaume wazima walivua kofia wakipita karibu na ofisi yake. Baba aliitwa kutoka kituo cha maziwa, akaja na mtungi wake mkononi, harufu ya maziwa ikaijaza ofisi. Mwalimu Wairimu alinitazama kwa muda mrefu, akainua karatasi yangu, akaisoma, akanitazama tena. Kisha akanigeuza kwa mabega, nikaelekea dirishani, na kwa kidole akanionyesha ng'ombe wa jirani waliokuwa wakila majani kando ya ua. Nikawatazama ng'ombe.

Yaliyofuata nilisimuliwa na baba miaka mingi baadaye, ameketi mbele yangu, akiongea polepole ili nimwone. Alisema Mwalimu Wairimu alimwambia, "Muite vile unamwitanga nyumbani." Baba akaita, "Maitu." Nikaendelea kutazama ng'ombe. Akaita kwa nguvu, "Maitu!" Mwalimu Gichuki akasogea nyuma hatua moja. Baba akaita mara ya tatu, na sauti ikamkatika katikati ya neno.

Mimi niligeuka kwa sababu nilichoka na ng'ombe. Nikamkuta baba analia, mtungi wa maziwa umelala sakafuni, na hakuna aliyeinama kuuinua. Nilidhani analia kwa sababu mimi ni mwizi.

Mwalimu Wairimu alianza na kijana wake. "Darasa mzima ikiimba, Gichuki, wewe husikia nani? Husikii mtu! Unasikia tu wimbo, na unafurahi." Akamgeukia baba. "Na wewe, mtoto haitikii na unasema ni kichwa ngumu? Uliangalia masikio yake lini?" Baba alijibu chini chini, "Mimi nilifikiria ni baridi tu, Mwalimu. Watoto wote wako na hiyo." Naye akamwambia, "Hata mimi nilifikiria hivyo. Nilimpigia makofi na hii mikono yangu." Akaitazama mikono yake kama imemkosea.

Halafu alikuja kwangu. Alipiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji, na magoti yake yalikuwa mabaya, akanishika kidevu ili nimwone vizuri. "Na wewe, mama, umejificha vya kutosha. Usipokuwa umesikia, sema hujasikia. Hata kama ni mimi naongea. Hata kama wote wanacheka." Hilo ndilo karipio tamu kuliko yote niliyowahi kupewa, na lilikuja likiwa limechelewa.

Tulienda hospitali Nyeri. Daktari alinimulika masikio, kisha akazungumza na baba kwa muda, na mimi nikawa naitazama midomo yao. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kuliwa ndani. La kulia lingebaki na kidogo. Baba aliuliza swali moja tu, kama tungekuja mapema ingekuwaje. Daktari akamjibu kwamba yote mawili huenda yangepona kwa dawa za kawaida. Mapema ni lini, Muthoni? Ni zile Ijumaa zangu za ubingwa. Kila Ijumaa niliposimama mbele nikipigiwa makofi, sikio langu lilikuwa linakufa pale pale mbele ya watu wote, na sote tulikuwa tunafurahi.

Sijamchukia Mwalimu Gichuki. Aliniweka dawati la mbele, akawa ananitazama anaposema, na nilimaliza shule nikiandika Kiingereza safi kuliko wengi. Kwa hiyo usiniambie kwamba kuimba herufi hakufundishi. Kunafundisha. Mimi najua kuandika maneno mengi ambayo sijawahi kuyasikia yakitamkwa. Lakini ungeniuliza ningechagua kipi kati ya Kiingereza hicho na sikio langu, ningekujibu kabla hujamaliza swali.

Unamkumbuka babu yako alivyokuwa na tabia ya kunizunguka hadi mbele ndipo aseme neno. Wewe ulikuwa ukicheka, ukisema anacheza dansi. Alianza siku ile na hakuacha hadi alipofariki. Hakuniita tena kutoka ng'ambo ya shamba. Alitembea shamba zima kuja kunishika bega, hata alipokuwa mzee wa mkongojo, hata kwa jambo dogo kama chumvi. Nami nimejaribu sana, mwanangu, kuikumbuka sauti yake jinsi ilivyokuwa kabla ya baridi ile, akiniita Maitu. Siipati. Nimeitafuta kitandani, kanisani, kwenye mashine yangu ya kufumia sweta, siipati. Ninachokipata kikiwa safi kabisa, kana kwamba ni jana, ni watoto wakiimba bii, oo, oo, kei. Hicho ndicho kilichobaki kichwani mwangu, na mahali pa sauti ya baba ni kimya.

Sasa nikuambie kuhusu mtoto wako. Simu yako ilipocheza video, wewe ulisikia wimbo. Mimi nilisikia mchakacho tu, kwa hiyo nilitazama. Mstari wa tatu, karibu na ukuta, kuna msichana mdogo ambaye kola ya sweta yake imefumuka upande mmoja. Kola niliiona kwanza, si unajua macho ya mfumaji. Halafu nikamwona mwenyewe. Wenzake wanakutazama wewe. Yeye anatazama mkono wa mtoto aliye mbele yake. Mkono wake unainuka nyuma kidogo ya mikono ya wengine, kila mara, kila herufi. Na anatabasamu sana, mwanangu. Tabasamu hilo nalijua, maana nililivaa mimi.

Huenda nimekosea. Huenda ni msahaulifu tu, au anampenda rafiki yake. Naomba niwe nimekosea, nawe uje unicheke jikoni.

Lakini Jumatatu usimwambie yeyote. Subiri watoto watoke kucheza, umbakize, umpe kitu cha kutazama dirishani. Simama nyuma yake na umwite jina lake kwa sauti ya chini, jinsi mama yake anavyomwita. Asipogeuka, usimkaripie wala usilie mbele yake. Mzunguke, piga magoti, mshike kidevu, umwambie hana kosa. Siku hiyo hiyo watafute wazazi wake, na wakikwambia ni baridi tu, wewe sema hapana. Wakikosa nauli, niambie. Na baada yake, mwite kila mtoto wa darasa lako namna hiyo, mmoja mmoja, hasa wale wanaopata yote. Waache waimbe, wana raha yao. Ila kila siku nyamazisha darasa kidogo, umsikilize mtoto mmoja peke yake. Nawe pia, popote utakapokuwa hujasikia au hujaelewa, sema hujasikia, hata wakicheka.

Njoo nikubariki, nikutemee mate kiganjani kama bibi yangu alivyonitemea mimi. Mungu wa wazee wetu, akaaye mlimani, akupe subira kuliko aliyonipa mimi, ayalinde masikio yako na ya watoto uliokabidhiwa, na mtoto yule, ukimwita Jumatatu, ageuke.